Kununua na Kufufua Mashua ya Tanga Iliyotumika: Fuata Maji Yalikopita

Ukisimama mbele ya mashua ya faiba yenye miaka 30 au 40, uliza swali moja kabla ya mengine yote: maji yameingia wapi, na yamekaa humo muda gani? Faiba yenyewe haiozi kama mbao. Maganda mengi, yaani miili ya mashua, yaliyoundwa miaka ya 1960, enzi ambazo mafundi walikuwa bado hawaiamini faiba wakaipanga kwa unene kupita kiasi, yanaelea hadi leo. Kinachozimaliza mashua hizi ni maji yaliyojipenyeza ndani ya sitaha (sakafu ya juu), kwenye bolti za mkuku (pezi zito la chini), ndani ya usukani, nyuma ya mabamba yanayoshika waya za mlingoti, au kwenye injini. Anayejua kuyafuata maji hayo anajua mashua ya kununua, ya kuacha, na ukarabati uanzie wapi.

Yaliyomo hapa yanahusu mashua za faiba za mita 7 hadi 10, zenye mkuku uliofungwa kwa bolti, mlingoti wa alumini na injini ndogo ya dizeli. Hizo ndizo nyingi zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Mashua ya mbao au ya chuma ina maradhi yake mengine.

Fedha na karatasi

Gawa fedha zako mafungu mawili. Moja linunue mashua. La pili lisiguswe mpaka mashua iwe yako na imepandishwa nchi kavu. Anayemaliza zote kwenye bei hubaki na chombo kinachodai ada ya maegesho kila mwezi, naye hana hata pesa ya kopo la rangi. Vitu vitatu ndivyo vinavyomeza fedha: injini, matanga na waya za mlingoti. Kimoja kikiwa kimekufa, bei ishuke. Viwili vikiwa vimekufa, ishuke sana. Vikifa vyote vitatu, hata mashua ya bure ni ghali, kwa sababu utatumia zaidi ya bei ya mashua ya aina ileile inayosafiri tayari.

Kwa upande wa karatasi, muuzaji aonyeshe hati ya umiliki yenye jina lake, cheti cha usajili, na ushahidi kwamba chombo hakijawekwa rehani wala hakidaiwi ada ya gati. Katika nchi nyingi deni hukifuata chombo hata kikibadili mwenyewe. Kisha linganisha namba ya ganda na hati. Hutafutwa tezi, yaani nyuma ya mashua, upande wa kulia, karibu na juu: herufi na tarakimu 12 kwa mashua za Marekani, 14 kwa za Ulaya. Mashua za zamani, hasa zilizoundwa kabla ya 1972, zinaweza kukosa namba hiyo bila kosa lolote. Namba iliyokwanguliwa ni habari nyingine. Hapo aga uende zako.

Ukaguzi wako mwenyewe

Mkaguzi wa vyombo aliyesomea kazi yake utamhitaji, na kampuni za bima nyingi zitamdai. Lakini si busara kumlipa aje akuambie jambo ambalo ungeliona mwenyewe kwa saa 2. Beba nyundo ndogo ya kichwa cha plastiki, tochi kali, kioo cha mkononi, bisibisi, kitambaa cheupe na penseli laini. Nenda siku inayofuata mvua. Mwombe muuzaji asiioshe mashua na asiiwashe injini kabla hujafika.

*Ngama.* Hii ni sehemu ya chini kabisa ndani ya mashua, maji yanapotuama. Fungua vifuniko vyote vya sakafuni. Ukikuta maji yasiyonuka dizeli, chovya ncha ya kidole, onja, tema. Maji ya chumvi yametoka chini: kwenye koki, mhimili wa propela au bolti za mkuku. Maji baridi yametoka juu, maana yake mvua imepata njia kwenye sitaha au madirisha. Ngama iliyokauka na kupakwa rangi mpya wiki iliyopita isikutulize. Mara nyingi imepakwa ili ifiche alama za maji.

*Sitaha.* Sitaha nyingi za faiba zimejengwa kama mkate wenye siagi katikati: ngozi ya faiba juu, ngozi nyingine chini, na kati yake kiini cha mbao ya balsa, plaiwudi au povu gumu. Kila tundu la bolti linalopita hapo ni mlango wa maji. Vua viatu utembee taratibu. Mahali panapobonyea chini ya kisigino pameoza. Halafu gonga kwa nyundo kila baada ya sentimita 10. Palipo pazima hutoa mlio mkavu na mkali, *ko, ko, ko*. Palipolowa au ngozi iliyoachana na kiini hujibu *bu*, kama umegonga godoro. Zungushia penseli kila *bu*. Zingatia zaidi chini ya mlingoti, penye nguzo za ukingo, kuzunguka winchi na vyuma vya kufungia kamba. Doa la ukubwa wa sahani ni kazi ya wikiendi. Nusu ya sitaha ni kazi ya msimu mzima.

Kipima unyevu kinasaidia, ila kinadanganya. Rangi ya kuzuia viumbe wa baharini iliyo na shaba hukifanya kisome juu, na ganda lililotoka majini juzi husoma juu hata likiwa zima. Kwangua rangi kipande kidogo, pima papo hapo, na ulinganishe na sehemu ya juu ya mstari wa maji.

*Mkuku.* Chunguza mahali mkuku unapoungana na ganda. Ufa mwembamba kwenye rangi ni jambo la kawaida. Ufa unaolia kutu, au uliofunguka upande wa mbele kama mdomo unaotaka kucheka, ni ishara ya bolti zilizolegea au mashua iliyopiga mwamba. Mkuku ukigonga mwamba, ncha yake ya nyuma husukuma ganda juu. Kwa hiyo ingia ndani ukaangalie mihimili ya sakafu hasa nyuma ya mkuku: nyufa, faiba iliyobanduka, au rangi mpya mahali pasipo na sababu ya kupakwa. Muulize muuzaji waziwazi kama iliwahi kukwama, lini, na nani aliitengeneza. Swali hili si la adabu tu. Mei 2014 mashua Cheeki Rafiki ilipoteza mkuku wake Atlantiki ya Kaskazini ikitoka Antigua kurudi Uingereza, na mabaharia wake 4 wakapotea. Wachunguzi wa Uingereza waliona kwamba kukwama kwa siku za nyuma, pamoja na matengenezo yaliyofuata, huenda kulidhoofisha kiungo cha mkuku na ganda.

Nati za ndani zikiwa na kutu kidogo juu, hiyo inasafishika. Kutu iliyokula pembe za nati mpaka spana haishiki ni lazima ihesabiwe kwenye bei. Bolti za chuma cha pua nazo zisikupe usingizi: chuma hicho hujilinda kwa oksijeni, na kikifungiwa kwenye unyevu usio na hewa hulika polepole mahali ambapo jicho halifiki. Kichwa king'aacho, shingo imebaki nusu.

*Usukani.* Kwa kawaida ni maganda mawili ya faiba yaliyojazwa povu, katikati mna mhimili wa chuma cha pua uliochomelewa mbavu. Maji huingia pale mhimili unapotoka, hukaa kwenye povu, na mbavu hulika. Shika usukani uutikise. Ukicheza zaidi ya milimita chache, bushi zimekwisha. Ukipata ruhusa ya muuzaji, toboa tundu la milimita 4 chini kabisa. Maji ya kahawia yakichuruzika kwa dakika kadhaa, hesabu usukani wa kufungua au kuununua upya.

*Malengelenge.* Haya ni mavimbe ya ganda yenye majimaji ndani, na huonekana chini ya mstari wa maji punde mashua inapopandishwa. Ukilitoboa moja, vaa miwani ya kinga, kwani majimaji ya ndani hutoka kwa shinikizo na harufu kali mithili ya siki. Malengelenge kumi na mbili, au hata hamsini, hayazamishi mashua. Yanashusha bei, na hilo ni jema kwako. Ogopa pale ganda zima limejaa na nyundo inajibu *bu* kila mahali.

*Mlingoti na waya.* Pitisha kitambaa cheupe juu ya kila waya, taratibu, usitumie mkono mtupu. Kitambaa kikinasa, uzi mmoja umekatika, na waya huo umekufa pamoja na pacha wake wa upande wa pili. Vichwa vya waya vya chini huharibika kwanza kwa sababu hukinga maji; tazama kwa kioo uone nyufa nyembamba zinazokwenda kwa urefu. Waya zilizozidi miaka 10 hadi 15 zihesabu kuwa za kubadilisha hata kama zinang'aa. Kisha fuata mabamba yanayozishika mpaka yanapopita kwenye sitaha. Michirizi ya kutu au mbao nyeusi ya kiambaza chini yake inasema maji yamekuwa yakishuka hapo kwa miaka. Sehemu inayokatika ni ile iliyojificha katikati ya sitaha.

*Koki za chini ya maji.* Kila moja ifunguke na kufungwa kwa mkono. Kwangua chuma kwa ncha ya kisu. Shaba ya njano ambayo zinki yake imeliwa na maji ya chumvi huwa ya waridi na hukatika kama biskuti. Ya bronzi ndiyo inayotakiwa. Mpira wowote ulio chini ya mstari wa maji ufungwe kwa klipu 2.

*Injini.* Iguse kwanza. Ikiwa ya moto, muuzaji amekupashia. Mwambie utarudi kesho. Chomoa kijiti cha oili: oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani. Iwashe baridi, uende nyuma uhakikishe maji yanatoka ekzosini ndani ya sekunde chache. Moshi mweusi ni mzigo kuzidi au hewa kukosekana, wa buluu ni oili inayoungua, mweupe usiokoma ni dizeli isiyoungua au mvuke wa maji. Injini inayoenda vizuri bila mzigo haijathibitisha kitu. Iende na propela ikisukuma kwa nusu saa nzima huku ukitazama joto.

*Matanga.* Jua huua nyuzi kabla ya kitambaa. Kwangua mshono kwa ukucha. Uzi ukikatika, tanga zima lishonwe upya. Tanga lililotoa tumbo haliponi kwa kushonwa, na litailaza mashua ubavu badala ya kuisukuma mbele.

Ukiridhika, toa bei kwa masharti yaliyoandikwa: amana irudishwe endapo mkaguzi au jaribio la baharini litafichua kasoro kubwa. Orodha ya kasoro zako na madoa ya penseli ndiyo hoja yako ya kupunguza bei. Maneno matupu ya "imechoka kidogo" hayapunguzi kitu.

Mpangilio wa kazi

Kosa linaloua miradi mingi ni kuanza na mito, vanishi na taa kwa sababu zinapendeza haraka. Miezi 6 baadaye maji ya sitaha yameharibu mito mipya. Fuata mpangilio huu: kwanza koki, mipira na pampu za ngama, ili mashua isizame, pili mkuku, usukani na sitaha, tatu mabamba, waya na mlingoti, nne injini na umeme, tano matanga, mwisho kabisa urembo. Kazi ya hatua moja isianze kabla ya iliyotangulia kukauka.

Kutengeneza sitaha iliyolowa

Hii ndiyo kazi ambayo mwenye mashua wa kawaida anaweza kuifanya kwa mikono yake na kuokoa fedha nyingi. Inataka subira kuliko ufundi. Ifanye chini ya turubai, joto likiwa kati ya nyuzi 15 na 25 za Selsiasi.

1. Thibitisha mipaka. Toboa matundu ya milimita 5 kwenye mstari wa penseli, kina kiishie kwenye kiini, usipenye ngozi ya chini. Unga mkavu wa rangi ya mbao maana yake ni pazima. Matope meusi maana yake songa nje sentimita 5 utoboe tena, mpaka upate ukavu pande zote.

2. Kata ngozi ya juu. Pima unene wake kwenye tundu, kwa kawaida milimita 3 hadi 5, kisha weka msumeno wa mviringo kwa kina hicho hasa. Kata kwenye sehemu laini, nje ya eneo lenye mistari ya kuzuia kuteleza, ili mshono usionekane baadaye. Inua ngozi kwa patasi pana, taratibu, itoke kipande kimoja. Andika mshale unaoelekea omo, yaani mbele ya mashua, upande wake wa chini.

3. Ondoa kiini chote kilicholowa. Balsa iliyooza huchoteka kwa kijiko. Iliyo nzima itakulazimu kutumia patasi. Usiache kipande "kitakachokauka chenyewe". Hakikauki.

4. Kausha kwa siku kadhaa, kisha parua ngozi ya chini kwa msasa namba 60 au 80 na ufute kwa asetoni. Ng'aro yote iondoke.

5. Kata kiini kipya chenye unene uleule. Balsa ya nyuzi wima au povu gumu linatosha kwenye sehemu tupu. Pale vitakapofungwa winchi na vyuma vya kamba, tumia plaiwudi ya majini au faiba tupu, kwa sababu povu na balsa huminywa na bolti.

6. Paka epoksi nyepesi kwenye ngozi ya chini na pande zote za kiini, subiri inywewe, ongeza. Halafu tandaza epoksi iliyokolezwa kwa unga wa silika mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga, kwa mwiko wenye meno. Kilaze kiini, tandaza karatasi ya plastiki juu, na uweke mifuko ya mchanga. Epoksi itokeze kwenye kila ukingo. Pasipotokeza pana hewa.

7. Ikiganda, rudia kazi hiyohiyo kurudisha ngozi ya juu. Siku inayofuata gonga tena kwa nyundo. Ukisikia *bu*, toboa matundu mawili ya milimita 5 na usukume epoksi kwa sindano kwenye moja hadi itokee kwenye la pili.

8. Funga mshono. Parua kingo zote mbili zishuke kama mteremko wa mara 12 ya unene: ngozi ya milimita 4 inahitaji milimita 48 kila upande. Jaza kwa vipande vya kitambaa cha faiba vinavyozidiana upana, kila kimoja kikiwa kimelowa epoksi kabisa bila weupe wa hewa. Mshono uliokatwa wima na kujazwa puti utapasuka mwaka huohuo.

Kuhusu epoksi yenyewe, fuata uwiano wa mtengenezaji, uwe 2 kwa 1 au 5 kwa 1, na upime. Kuongeza kigandishi ili ikauke haraka huiacha laini milele. Ukichanganya nyingi kwenye kopo refu itachemka yenyewe, itoe moshi, na inaweza kuyeyusha kopo. Imimine kwenye trei bapa mara tu unapomaliza kukoroga. Ikiganda huacha utando wa mafuta juu, ambao huoshwa kwa maji na sponji kabla ya msasa, la sivyo rangi itabanduka. Vaa glavu daima. Mzio wa epoksi ukishakupata haukuachi.

Matundu ya bolti

Sitaha iliyotengenezwa italowa tena kama vyuma vitarudishwa vilivyokuwa. Kwa bolti ya milimita 8, toboa tundu la milimita 14 kupitia ngozi ya juu na kiini, ziba chini kwa utepe, jaza epoksi nzito, iache igande siku 1. Sasa toboa milimita 8 katikati. Bolti itapita ndani ya bomba gumu la epoksi, na hata gundi ikichoka maji hayatakifikia kiini. Panua mdomo wa tundu kidogo kwa juu, uweke pete ya utepe wa butili (mpira laini unaonata) pale ili ijikunje kama kizibo.

Unapokaza, mmoja ashike kichwa cha bolti juu kisizunguke, mwingine azungushe nati chini. Bolti ikizunguka inakata utepe, na tundu litavuja mvua ya kwanza. Kaza kidogo, subiri siku, kaza tena. Chini weka bamba la alumini au faiba la milimita 5 au 6, si washa ndogo, mzigo usambae.

Silikoni ya bafuni isiingie kwenye mashua. Huacha mafuta ambayo rangi na gundi nyingine haziyashiki, na kuyaondoa ni adhabu.

Mkuku, mabamba na waya

Mkuku ukiwa umetulia chini kwenye magogo, unaweza kufungua nati moja baada ya nyingine, kuisafisha, kuweka washa pana mpya na kuirudisha. Usilegeze mbili kwa pamoja, wala usilegeze yoyote mashua ikiwa inaning'inia kwenye kreni. Mkuku wa chuma cha kuyeyushwa huparuliwa mpaka ung'ae, na praima ya epoksi ipakwe siku hiyohiyo, kwani kutu ya usiku mmoja inatosha kuibandua. Wa risasi hauhitaji hayo. Lakini kiungo kikiwa kinalia kutu, puti ya juu ni kujidanganya: mkuku ushushwe, bolti zikaguliwe zote, na urudishwe kwa gundi ya poliyurethani.

Mabamba ya waya yatolewe yote, hata yanayoonekana mazima. Yasafishe, uyatazame kwa kioo cha kukuza kuzunguka matundu na pale yalipopita kwenye sitaha. Vishimo vidogo vyeusi au ufa wowote unatosha kulitupa bamba. Peleka la zamani liwe kiolezo cha jipya.

Waya mpya ziagizwe kwa kupima za zamani pini hadi pini, mlingoti ukiwa chini, skrubu za kukazia zikiwa zimefunguliwa nusu. Pale vyuma vya pua vinapogusa alumini ya mlingoti paka krimu ya kutenganisha metali. Bila hiyo chumvi itaifanya alumini kuwa unga mweupe na skrubu hazitatoka tena.

Kukaza kuna kipimo rahisi kisichohitaji chombo cha bei. Waya wa nyuzi 19 ukirefuka milimita 1 kwa kila mita 2 umefikia takriban asilimia 5 ya nguvu ya kuukata. Funga rula ya mita 2 kwenye waya uliolegea ikiwa imebanwa upande wa juu tu, tia alama kwenye ncha ya chini, kaza mpaka pengo lifike milimita 3. Hiyo ni asilimia 15, kiasi kizuri cha kuanzia kwa waya kuu za pembeni. Kabla ya hapo hakikisha mlingoti umesimama wima kwa kuvuta jarari (kamba ya kupandishia) ya tanga kuu hadi ukingo wa kulia kisha wa kushoto. Urefu uwe sawa. Pini za kufungia zipanuliwe kidogo tu, zizungushiwe utepe, zisije zikachana tanga.

Injini na umeme

Badilisha oili, filta zote, impela (kigurudumu chenye mbawa) ya pampu ya maji na mkanda, bila kujali muuzaji amesema nini. Impela iliyokosa ubawa inamaanisha ubawa umekwama mbele kwenye mabomba ya kupoozea. Utafute mpaka uupate. Kiwiko cha ekzosi hujaa masizi na chumvi mpaka kikabaki na tundu la kidole, na injini ikaonekana dhaifu huku haina kosa.

Nyaya za umeme za shaba isiyopakwa bati hugeuka nyeusi chini ya plastiki. Menya sentimita 2. Ukikuta weusi, kata zaidi. Weusi ukiendelea, vuta waya mpya. Fyuzi kuu ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 18. Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.7, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Mtungi wa gesi ya kupikia ukae kwenye kisanduku chenye tundu la kutolea nje ya mashua, kwa maana gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutuama ngamani na kungoja cheche.

Rangi ya chini

Matabaka ya zamani yaparuliwe yakiwa yamelowa, kwa barakoa ya chujio, na vumbi lote likusanywe. Rangi za zamani zinaweza kuwa na bati la sumu, TBT, lililoharibu chaza wa ghuba ya Arcachon mpaka Ufaransa ikalizuia kwa mashua ndogo mwaka 1982. Marufuku ya kimataifa ilianza kutumika 2008. Usipake rangi yenye shaba juu ya alumini. Malengelenge machache hufunguliwa, huoshwa kwa maji baridi mara nyingi kwa wiki kadhaa, hukaushwa, hujazwa puti ya epoksi, ndipo praima ya epoksi hupakwa matabaka 4 au 5 kabla ya rangi.

Kurudi majini

Mwambie mwendesha kreni aiache mashua ndani ya mikanda dakika 20 ikiwa imeelea. Katika muda huo kagua kila koki, mhimili wa propela na bolti za mkuku kwa tochi na karatasi ya tishu: unyevu mdogo usioonekana kwa jicho hulowesha tishu papo hapo. Kando ya kila koki funga kizibo cha mbao kwa kamba. Mara ya kwanza safiri kwa upepo mwepesi, karibu na gati. Mashua ikilala, tazama waya za upande wa chini ya upepo: zikilegea kidogo ni sawa, zikining'inia kaza zote mbili kwa mizunguko iliyo sawa. Baada ya saa chache za kusafiri waya mpya hurefuka, kwa hiyo rudia kipimo cha rula.

Safari ya kwanza ya mawimbi itakoroga uchafu uliotuama kwenye tangi la dizeli kwa miaka, na filta itaziba katikati ya safari, injini ikihitajika kuliko wakati wowote. Beba filta 3 za akiba, na ujifunze kuibadilisha na kutoa hewa kwenye mfumo ungali umefungwa gatini.